Maisha ya John Browning, Fundi wa Bunduki

Katika maktaba ya shule yetu mna kitabu kikuukuu cha habari za uwindaji, nacho kina picha ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 1901 hadi 1909. Alipomaliza urais alipanda meli pamoja na mwanawe Kermit, wakashuka Mombasa mwezi wa Aprili, 1909, wakazunguka Afrika ya Mashariki, hata wakatokea Khartoum mwezi wa Machi, 1910. Wao wawili waliua wanyama 512, simba 17 wakiwamo. Katika picha ile Roosevelt amevaa miwani, na mkononi ameshika bunduki yenye kishikio cha chuma chini yake, mfano wa pete kubwa ya kuingiza vidole.

Miwani ile ndiyo iliyonitia katika kazi hii. Nilikuwa nimesoma kwamba macho ya Roosevelt yalikuwa mabovu tangu utoto, na jicho la kushoto aliumizwa katika mchezo wa ngumi alipokuwa Rais, likapoteza nuru. Basi nikajiuliza: mtu wa namna hiyo, mwenye mali na cheo, mbona hakufunga darubini juu ya bunduki ile? Nikalipeleka swali langu kwa mwalimu wetu wa fizikia. Hakunijibu. Alinitaka nitafute mwenyewe mambo mawili: jinsi bunduki ile inavyotema ganda la risasi, na jina la fundi aliyeibuni. La kwanza nilipata kwa siku moja. La pili limenichukua muhula mzima, nalo ndilo ninalowaletea hapa. Fundi mwenyewe aliitwa John Moses Browning.

Browning alizaliwa tarehe 23 Januari, 1855, katika mji wa Ogden, nchi ya Utah, ambayo wakati ule ilikuwa bado kuwa jimbo kamili la Marekani. Baba yake, Jonathan Browning, alikuwa fundi wa bunduki na mfuasi wa dhehebu la Wamormoni. Watu wa dhehebu hili walikuwa wamefukuzwa Illinois kwa ajili ya dini yao, wakavuka nyika kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe mpaka wakafika katika nchi kavu ya Utah. Jonathan alifika huko mwaka 1852. Siku zile dhehebu lao liliwaruhusu wanaume kuoa wake wengi, naye alikuwa na wake watatu na watoto ishirini na wawili. Kwa hiyo John alikulia katika ukoo wenye midomo mingi na fedha chache. Riziki yao ilitoka katika karakana ya baba, ambamo kila mwenye chombo kilichovunjika alikileta kitengenezwe.

Mtoto huyu alipata kujua tupa, nyundo na jiliwa kabla hajajua kusoma vizuri. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka kumi aliokota kasiba ya gobori bovu katika takataka za baba yake, akaifunga kwa waya juu ya ubao alioukata kwa shoka. Hakuwa na mtambo wa kuwasha baruti, basi mdogo wake Matthew ndiye aliyekuwa mtambo: alibeba kopo la makaa ya moto na kijiti, na John alipokwisha kulenga, Matthew alichoma kijiti chenye moto katika tundu la baruti. Walitoka nyikani wakapiga ndege watatu kwa mshindo mmoja. Nyumbani baba alikula ndege wale, kisha akataka kuiona bunduki yenyewe. Hakumpiga mwanawe, wala hakumsifu. Alimwuliza tu kama mtoto wa miaka kumi hakuweza kutengeneza kitu bora kuliko kile. John akaivunja ile bunduki kwa mikono yake, vipande vyake akavirudisha katika takataka.

Alisoma shule mpaka umri wa miaka kumi na mitano hivi, akaacha. Hakwenda chuo cha ufundi, wala hakufundishwa uhandisi. Vitu vyake vingi alivibuni kichwani, akavikata katika chuma, akavijaribu, akavikata tena. Nalisema hili, lakini wenzangu wasilichukue kuwa ruhusa ya kukimbia shule. Darasa lake lilikuwa karakana ya baba, na alihudhuria kila siku tangu utoto hata uzee.

Mwaka 1879 ulikuwa mwaka mkubwa kwake. Alioa, mkewe akiitwa Rachel Teresa Child. Baba yake akafa mwaka huo huo. Na tarehe 7 Oktoba serikali ya Marekani ikampa hati yake ya kwanza ya kulinda uvumbuzi, ambayo siku hizi huitwa hataza. Ilikuwa hataza ya bunduki ya kutia risasi moja moja, nyepesi na yenye nguvu. Yeye na ndugu zake wakajenga karakana ndogo Ogden, wakatengeneza bunduki zipatazo 600.

Mwaka 1883 bunduki mojawapo ilifika mikononi mwa watu wa kiwanda cha Winchester, mjini New Haven, upande wa mashariki wa Marekani. Mkubwa mmoja wa kiwanda, Thomas Bennett, alipanda treni akasafiri hadi Ogden kumwona fundi huyo. Alikuta vijana waliovaa nguo za kazi zenye mafuta. Wakapatana, Bennett akainunua hataza ile kwa dola 8,000. Tangu siku hiyo Browning hakuwa tena mtengenezaji wa bunduki za kuuza dukani. Akawa mbunifu, na muda wa miaka karibu ishirini kiwanda cha Winchester kilinunua vitu vingi alivyovibuni, hata vile ambavyo hakikukusudia kuvitengeneza, ili visipate kwenda kwa wapinzani wake.

Sasa nieleze ile pete ya chuma. Sote tumejifunza habari za wenzo katika darasa la fizikia. Pete ile ni mwisho wa wenzo. Mpigaji akiusukuma chini na mbele, komeo la bunduki hurudi nyuma, likalivuta ganda tupu na kulitupa nje, na nyundo ikajitega. Akiuvuta wenzo urudi, komeo huenda mbele na risasi mpya, kisha hujifunga. Kidole hakitoki mbali na kifyatuo, na bega halihami. Bunduki za wenzo zilikuwako kabla ya Browning, lakini komeo lake lilikuwa dhaifu, hata halikuweza kuhimili risasi kubwa; zile za mwaka 1873 zilitumia risasi ndogo kama za bastola. Browning alitafuta njia ya kulitia nguvu. Katika bunduki ya mwaka 1886 aliweka vyuma viwili vinavyopanda wima na kulizuia komeo, kama vile makomeo mawili yanavyozuia mlango. Bunduki ikawa na nguvu ya kupiga mnyama mkubwa, na wenzo wake ukawa laini.

Mwaka 1887 kanisa lake lilimtuma Georgia kuhubiri. Akaacha karakana, akaenda, akakaa huko miaka miwili hata 1889. Inasimuliwa kwamba siku moja yeye na mwenziwe walipita mbele ya duka la bunduki, naye akaona dirishani bunduki ya marisau aliyoibuni mwenyewe, ambayo hakuwa ameiona tangu itoke kiwandani. Akaingia, akaishika, akauchezesha wenzo wake. Mwenye duka alishangaa kumwona mhubiri mwenye mavumbi akiijua bunduki namna ile, mpaka mwenziwe akamwambia kwamba mtu huyo ndiye aliyeibuni.

Aliporudi kwao alifanya kazi kama mtu mwenye deni. Inasemekana kwamba Bennett alipotaka bunduki ndogo ya wenzo aliahidi dola 10,000 kama ingekuwa tayari kwa miezi mitatu, na 15,000 kama ingekuwa tayari kwa miezi miwili. Browning akataka 20,000, kwa masharti kwamba ikichelewa kupita siku thelathini ataitoa bure. Alipata fedha zake. Hiyo ndiyo bunduki ya mwaka 1892. Ikafuata ya mwaka 1894, iliyo mashuhuri kuliko zote, ambayo baada ya mwaka mmoja ilianza kutumia risasi za baruti isiyo na moshi. Hata kiwanda cha New Haven kilipofungwa mwaka 2006, zilikuwa zimekwisha tengenezwa zaidi ya 7,000,000. Ile ya mwaka 1895 ndiyo aliyokuja nayo Roosevelt.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu la kwanza. Bunduki hizi za Browning zimefunguka juu. Komeo likirudi nyuma, ganda tupu huruka juu, likapita mahali pale pale ambapo mtu angependa kuweka darubini. Ukiifunga darubini katikati, ganda litaigonga na kurudi ndani ya mtambo, na bunduki itakwama mbele ya simba. Mwaka 1894 jambo hili halikuwa kosa. Darubini za bunduki zilikuwako, lakini zilikuwa ndefu, ghali na rahisi kuharibika, na wawindaji karibu wote walilenga kwa kijiti kilicho mdomoni mwa kasiba na mfuo ulio nyuma yake. Tena kutema ganda juu kuliwafaa wote, wapigao kwa bega la kulia na wapigao kwa bega la kushoto.

Darubini zilipokuwa ndogo na rahisi, tangu miaka ya 1930, wenye bunduki za mwaka 1894 wakaanza kusumbuka. Wengine walifunga darubini ubavuni mwa kushoto, ganda likapata njia. Wengine waliifunga mbele juu ya kasiba, wakatumia darubini ya namna ya kutazamwa kwa mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda kikabadilisha mtambo ili ganda litoke kwa mshazari upande wa kulia, ndipo darubini ikaweza kukaa katikati. Hata hivyo taabu moja ilibaki. Kitako cha bunduki hizi kilichongwa chini ili jicho lilingane na kijiti cha kulengea. Darubini hukaa juu zaidi, basi shavu la mpigaji huelea pasipo mahali pa kutua, na jicho lisilotulia mahali pamoja haliwezi kulenga sawa.

Shuleni kwetu hatuna bunduki wala hatuitaki, lakini mwalimu alitufanyia jaribio. Alichukua bomba moja jembamba akalifunga kwa mpira juu ya jingine, vitovu vyake vikiwa mbali kwa sentimita tano. La chini lilikuwa kasiba, la juu lilikuwa darubini. Tukayaelekeza mabomba yote mawili katika nukta moja ukutani, hatua tano mbele yetu. Kisha tukarudi nyuma, tukawa hatua kumi kutoka ukutani. Tulipotazama katika bomba la juu tuliiona nukta. Tulipotazama katika bomba la chini tuliona mahali palipo juu ya nukta kwa sentimita tano. Mistari miwili ilikuwa imepishana. Mwalimu akatufundisha kwamba mstari wa jicho na njia ya risasi si kitu kimoja. Tena njia ya risasi haikunyoka. Risasi iendayo mita 700 kwa sekunde hufika mita 100 kwa muda mfupi sana, lakini katika muda huo mvuto wa ardhi huwa umekwisha ishusha kwa kadiri ya sentimita 12.

Kwa hiyo mwenye kufunga darubini hukaza parafujo zake zote kwanza, maana kitu kinacholegea hakina shabaha. Kisha hulaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga. Katika bunduki nyingine mtu huchomoa komeo na kuchungulia ndani ya kasiba, lakini bunduki ya wenzo haimpi nafasi hiyo kwa urahisi, kwa sababu mtambo umeiziba nyuma. Basi huanza karibu, mita 25, mbele ya karatasi kubwa. Hupiga risasi tatu, wala si moja, kwa kuwa moja yaweza kudanganya. Hutafuta katikati ya matundu matatu, ndipo hugeuza vidude vya darubini, kimoja cha juu na chini, kimoja cha kulia na kushoto. Katika darubini nyingi kila mlio mmoja wa kidude huhamisha risasi kama milimita 7 kwa umbali wa mita 100. Kwa mita 25 huihamisha robo ya hiyo tu, kwa hiyo milio huhitajika mara nne. Halafu hurudi mita 100, akaanza tena. Akishalinganisha kwa umbali mmoja ajue kwamba kwa umbali mwingine haitakuwa sawa.

Narudi kwa Browning. Inasimuliwa kwamba mwaka 1889, katika mchezo wa shabaha, aliona majani yaliyo mbele ya mtu aliyekuwa akipiga yakilala kila mshindo ulipotoka. Wengine wote waliyaona majani hayo na hawakufikiri lolote. Yeye alifikiri kwamba hewa iliyoyalaza ni nguvu inayopotea bure, na kwamba kama ingetegwa ingeweza kuutia bunduki risasi mpya pasipo mkono wa mtu. Akakimbilia karakana. Katika miaka michache ikatoka bunduki ya rashasha iendeshwayo kwa hewa ya baruti, ambayo kiwanda cha Colt kiliitengeneza tangu mwaka 1895. Wazee wetu waliiita bunduki ya namna hiyo bombomu.

Mwaka 1902 urafiki wake na Bennett ulivunjika. Browning alikuwa amebuni bunduki ya marisau yenye kujitia risasi yenyewe, akataka alipwe kidogo kwa kila bunduki itakayouzwa, badala ya kulipwa mara moja tu. Bennett akakataa. Browning akachukua bunduki yake, akaenda kumwona mkuu wa kiwanda cha Remington, na alipokuwa akingoja kuonana naye akaletewa habari kwamba mkuu huyo amefariki dunia mchana ule ule. Akapanda meli, akavuka bahari mpaka Ubelgiji, katika kiwanda cha Fabrique Nationale kilichoko Herstal, karibu na mji wa Liège, ambacho kilikuwa kikitengeneza bastola zake. Huko alipokewa kama mfalme. Mwaka 1914 Mfalme Albert wa Ubelgiji alimtunukia nishani, kwa kuwa bastola za Browning zilizotoka katika kiwanda kile zilikuwa zimefika 1,000,000.

Sasa, wasomaji wapenzi, nimefika mahali ambapo kalamu yangu ilisimama muda mrefu. Tarehe 28 Juni, 1914, katika mji wa Sarajevo, kijana wa miaka kumi na tisa aitwaye Gavrilo Princip alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria, akamwua pamoja na mkewe. Bastola aliyotumia ilikuwa ya namna ya mwaka 1910, iliyobuniwa na Browning na kutengenezwa Herstal. Hazikupita wiki sita, Ulaya yote ikawaka moto. Mwezi wa Agosti Wajerumani wakaiteka Liège na kiwanda chenyewe. Mwezi huo huo vita vikafika kwetu Afrika ya Mashariki, ambako watu hawakuwa na ugomvi na Austria, wala hawakujua Sarajevo iko wapi.

Mnajua kwamba jina la Kariakoo katika Dar es Salaam, na lile la Kariokor katika Nairobi, yametokana na Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi. Wapagazi waliobeba risasi na vyakula vya majeshi walikufa kwa maelfu, wengi kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Babu wa babu yangu alichukuliwa upagazi mwaka 1917. Vita vilikwisha huku mwezi wa Novemba, 1918, naye hakurudi. Hatuna kaburi lake, tuna jina lake tu, ambalo amepewa ndugu yangu mdogo. Nilipokuwa nikisoma habari za fundi huyu nilimpenda; nilipofika mwaka 1914 nilifunga kitabu.

Nilimweleza babu yangu jambo hili wakati wa likizo. Yeye aliniuliza kama bastola ile isingalikuwako, je, yule kijana angalikosa bastola nyingine? Nikakubali kwamba asingalikosa. Tena vita vile vilikuwa na sababu nyingi, zilizokuwa zimerundikana miaka mingi kabla ya siku ile. Lakini babu hakuniacha nipumzike hapo. Akaniuliza tena: ikiwa fundi hana sehemu katika ubaya unaofanywa kwa kazi yake, mbona basi tumpe sifa kwa uzuri unaofanywa kwa kazi hiyo hiyo? Swali hili la pili sikuweza kulijibu, na mpaka leo ninalichukua moyoni.

Marekani ilipoingia vitani mwezi wa Aprili, 1917, jeshi lake lilikuwa na bunduki chache sana za rashasha. Browning akaonyesha yake, iliyopozwa kwa maji. Mwezi wa Mei, mbele ya maofisa wa jeshi, ilipiga risasi 20,000 pasipo kukwama. Wengine wakashuku kwamba ile moja iliandaliwa kwa ujanja, basi akaleta ya pili, ikapiga mfululizo kwa zaidi ya dakika 48. Serikali ikazichukua. Inasemekana kwamba kwa hesabu ya kawaida angaliweza kudai zaidi ya dola milioni kumi, lakini alikubali dola 750,000, akaona kwamba wakati wa vita si wakati wa kupigania bei. Tena hakuwatuma watoto wa wenziwe peke yao. Mwanawe Val, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alikwenda Ufaransa mwaka 1918 na bunduki za baba yake, akazitumia katika mapigano.

Baada ya vita aliendelea kama alivyozoea. Alikwisha kuwa tajiri, lakini kila mara alivuka bahari kwenda Herstal kusimama mbele ya jiliwa. Tarehe 26 Novemba, 1926, akiwa na umri wa miaka 71, alikuwa akifanya kazi pale kiwandani akasikia maumivu ya kifua. Alilazwa katika ofisi ya mwanawe Val, akafa hapo hapo. Maiti yake ilirudishwa Ogden, akazikwa katika mji aliozaliwa. Aliacha hataza 128. Bunduki ya marisau aliyokuwa akiimalizia wakati ule ilikamilishwa na Val. Bastola aliyoibuni kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1911, ambayo katika majaribio ilipiga risasi 6,000 pasipo kukwama hata mara moja, ilikaa jeshini mpaka mwaka 1985. Bunduki yake kubwa ya rashasha majeshi mengi yanaitumia hata leo, karibu miaka mia tangu kufa kwake.

Wenzangu, wengi wetu tutakwenda vyuo vya ufundi na vya uhandisi. Katika maisha ya Browning nimepata mambo matatu ya kuchukua. Kwanza, aliivunja kazi yake mbovu kwa mikono yake mwenyewe, pasipo kumkasirikia aliyemwonyesha ubovu wake. Pili, majani yaliyolala mbele ya bunduki waliyaona wote, lakini yeye peke yake aliuliza kwa nini. Tatu, kitu kilichotengenezwa vizuri huishi kuliko mtengenezaji, na hufika kwa watu asiowajua. Hili la tatu ndilo zito. Bunduki moja ilimlisha mwindaji wa Utah na watoto wake. Bastola nyingine ya mkono ule ule ilikuwa Sarajevo. Browning alilinganisha kila chombo chake kwa uangalifu mkubwa, kisha akakitoa mkononi, na tangu hapo mwenye kulenga akawa mtu mwingine.

Picha ya Roosevelt ingali maktabani, rafu ya pili kutoka dirishani. Atakayekwenda kuitazama aangalie vizuri juu ya bunduki ile, aone jinsi palivyo patupu, naye ataijua sababu yake. Na kama kuna msomaji, mwanafunzi au mzazi, awezaye kulijibu lile swali la pili la babu yangu, namwomba amwandikie mhariri, jibu lake lipate kusomwa katika toleo la muhula ujao.